Msonobari wa mlimani hauoshwi mizizi

KWA MHARIRI,

Makala ya bustani mliyochapisha majuzi kuhusu bonsai, yaani miti inayofupishwa na kukuzwa chunguni, ilikuwa na picha za kuvutia na ushauri mmoja ambao utaua miti mingi. Msomaji aliambiwa apande mlimani ang'oe msonobari mdogo, aoshe mizizi kwa mpira wa maji mpaka udongo wote utoke, aikate ienee kwenye chungu kifupi, kisha azungushe waya na kukunja matawi siku hiyo hiyo. Mkuyu huenda ukavumilia. Bogenvilia hata zaidi. Msonobari hufa, tena hufa kwa siri: sindano zake hubaki kijani miezi miwili au mitatu baada ya mizizi kukoma kufanya kazi, na mwenyewe huendelea kuumwagilia maji na kuwaonyesha wageni.

Sisi tuna vitalu vya miche huku Njoro na Elburgon, na swali hili huletwa langoni kila mvua ya Machi inapokaribia. Tunaomba nafasi ya kutosha, maana kazi yenyewe ni ya miaka saba au zaidi na haiwezi kuelezwa kwa aya moja.

Tuanze na mti wenyewe, kwa sababu makala yalichanganya miti miwili. Vitabu vya Ulaya vinapotaja msonobari wa mlimani, huwa vinazungumzia Pinus mugo na jamaa yake Pinus uncinata, miti ya milima ya Alps na Pyrenees. Ina sindano mbili mbili, fupi, za sentimita 3 hadi 7. Wakati wa baridi hulala chini ya theluji, kisha huchipua mara moja tu kwa mwaka. Mti huo hauoti kwenye milima yetu. Unaojiotea huku kwenye kingo za barabara na machimbo ya murram, kuanzia Elburgon na Molo hadi Timboroa, Londiani na kule Turbo ambako misitu ilipandwa kulisha kiwanda cha karatasi cha Webuye, ni Pinus patula, na asili yake ni milima ya Mexico. Una sindano tatu tatu, ndefu kama sentimita 15 hadi 25, zinazoning'inia. Kwa kuwa karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya kuulaza, huchipua upya mara kadhaa kwa mwaka, kila mvua inapouamsha.

Kutokana na tofauti hiyo mambo mawili hubadilika. La kwanza ni kalenda. Kitabu kikisema "mwisho wa majira ya baridi", hapa hakina maana yoyote. Kinachofuatwa ni mvua ndefu za kuanzia mwisho wa Machi, mvua fupi za Oktoba na Novemba, na ukavu wa Desemba hadi Februari. La pili ni ukubwa. Mti wenye sindano za sentimita 20 hauwezi kuwa bonsai ya kuwekwa kwenye kiganja. Ukiufupisha chini ya sentimita 70 hivi, unabaki na ufagio. Lenga mti wa sentimita 80 hadi mita moja, wenye shina jembamba lililopinda na matawi machache yanayoshuka, uache sindano zining'inie kama zilivyozoea. Anayeulazimisha patula kuwa na umbo la mawingu mafupi aliloliona kwenye picha za miti ya Japani anapoteza wakati wake, na hatuoni haja ya kumbembeleza kwa jibu jingine.

Kabla ya sululu kugusa ardhi, pata ruhusa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 hairuhusu mtu kutoa mmea kwenye msitu wa umma bila kibali, na ofisi ya kuomba kibali hicho ni kituo cha Shirika la Huduma za Misitu nchini (KFS) cha eneo lako. Mti wa kingo za barabara pia si wa bure kwa sababu tu haujazungushiwa ua. Njia rahisi ni mashamba ya watu binafsi yaliyopakana na misitu. Wakulima hufyeka misonobari iliyojiotea malishoni, na wengi watafurahi ukiichukua. Mtarakwa na mzeituni mwitu uliozeeka kwenye miamba iacheni kabisa. Hiyo ni miti ya asili inayokua polepole mno, na tumeona zaidi ya mara moja mtarakwa mkongwe ukigeuzwa kuni kwa tamaa ya kupata bonsai.

Katika kuchagua, usidanganywe na shina nene. Tazama kwanza kama kuna matawi yenye sindano hai karibu na chini. Patula changa huchipua tena kutoka katikati ya vifungu vya sindano, lakini ukikata mpaka kwenye ubao mtupu usio na sindano, tawi hilo kwa kawaida limekwisha. Mti wenye shina la sentimita 8 na majani yake yote mita mbili juu hautakupa kitu. Ulio bora ni ule uliofyekwa kwa panga msimu baada ya msimu ukawa unajirudia: shina limenenepa chini, limepinda, na bado lina matawi ya chini. Kisha shika shina ulitikise. Likitikisika pamoja na udongo unaolizunguka, mizizi iko juujuu na kuna matumaini. Shina likiyumba peke yake huku udongo umetulia, kuna mzizi mkuu uliozama, na kwenye udongo mzito wa volkeno wa Molo mzizi huo unaweza kuzidi mita moja. Mti wa namna hiyo uache ulipo. Vilevile uliojikita ndani ya ufa wa mwamba usiuguse, kwa sababu utaondoka na shina bila mizizi myembamba, na hiyo myembamba ndiyo inayonywa.

Hapa ndipo watu wengi huruka hatua. Mti haung'olewi siku unayouona, hutayarishwa kwa mwaka mzima. Kwa shina la sentimita 6, chora duara lililo sentimita 25 kutoka kwenye shina. Ligawe mara nne. Mvua ndefu zinapoanza, chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 katika robo mbili zinazotazamana, ukate kwa msumeno mkali kila mzizi unaokutana nao, kisha ujaze mtaro kwa mchanganyiko wa mawe mepesi na maganda ya msonobari ambao tutaueleza hapa chini. Jembe butu hupasua mzizi, na mahali palipopasuka huoza. Robo mbili zilizobaki zifanyie hivyo mvua fupi zinapoanza. Mizizi mipya itatoka kwenye ncha zilizokatwa na kuingia kwenye kijazo hicho, hivi kwamba utakapong'oa mti mwaka unaofuata utakuwa na donge lenye mizizi hai pembeni. Bila mtaro, donge lako litakuwa na magogo ya mizizi tu.

Siku ya kung'oa iwe mwisho wa Machi au Aprili, baada ya mvua mbili tatu nzito, wakati machipukizi ya juu yamevimba lakini hayajarefuka. Sisi machipukizi hayo tunayaita mishumaa, kwa jinsi yanavyosimama wima yakiwa meupe. Yakisharefuka na kuanza kufungua sindano umechelewa, kwa kuwa mti unatumia maji mengi kuliko mizizi iliyokatwa inavyoweza kuleta. Subiri msimu mwingine. Chimba nje ya mtaro wa zamani, ingia chini ya donge, kata mizizi ya chini, kisha telezesha gunia lililoloweshwa chini yake na ulifunge kwa kamba ya mkonge kabla ya kuunyanyua mti. Nyanyua kwa kushika donge, kamwe usivute shina. Donge likivunjika, mizizi myembamba hukatika pamoja nalo. Kwa sababu hiyo hatushauri kuusafirisha kwa bodaboda, hasa kwenye barabara za vijijini. Kwenye pikapu funika sindano kwa turubai, maana upepo wa safari ya saa moja hukausha mti kuliko jua la wiki.

Swali la kuosha mizizi sasa. Ukipasua donge la msonobari wenye afya utaona nyuzi nyeupe zilizotanda kwenye mizizi, zenye harufu ya uyoga. Kuna anayedhani ni ugonjwa akakimbilia dawa ya ukungu. Hizo ni kuvu zinazoshirikiana na mti: zinaupa maji na fosforasi, nao unazipa sukari. Msonobari bila kuvu hizo hudumaa na kugeuka manjano. Misonobari ilipoletwa katika nchi nyingi za tropiki, miche ilidumaa vitaluni mpaka ilipochanganyiwa udongo uliotoka chini ya misonobari mingine. Kwa hiyo mpira wa maji unapoosha donge lote, unaondoa nyuzi hizo pamoja na mizizi myembamba kuliko uzi. Acha udongo wa katikati kama ulivyo. Pembeni unaweza kukwangua sentimita moja au mbili kwa kijiti, basi.

Usiuweke kwenye chungu bado. Tengeneza sanduku la mabaki ya mbao lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, lililozidi donge kwa sentimita 5 tu kila upande. Sanduku kubwa mno hubaki na maji mahali ambapo hakuna mzizi wa kuyanywa, na maji hayo ndiyo huozesha. Sakafuni acha nafasi za upana wa kidole kati ya mbao na uzifunike kwa wavu.

Kwa udongo, watu wa Nakuru wana bahati ambayo hawaioni. Mawe mepesi ya volkeno, yale yanayoelea ukiyatupa majini, yamejaa pande za Menengai, na wakuzaji wa nchi nyingine huyanunua kwa mifuko. Yaponde, uyapepete kwa chekeche mbili, ubaki na chembe za milimita 3 hadi 6. Vumbi lililopita chekeche ndogo lirudishe shambani, kwa sababu likichanganyika huziba nafasi za hewa na kugeuka tope. Changanya sehemu saba za mawe hayo na sehemu tatu za maganda ya msonobari yaliyooza kwa miezi sita au zaidi, ambayo viwanda vya mbao vya Elburgon na Molo huyarundika bila kazi. Maganda mabichi hula naitrojeni, hivyo usiyatumie. Ongeza konzi moja ya udongo uliochukuliwa chini ya msonobari mkubwa, kwa ajili ya kuvu. Samadi usiweke, na udongo mwekundu wa shamba usiweke.

Weka mti, mimina mchanganyiko pembeni, uusukumie kati ya mizizi kwa kijiti mpaka kusiwe na mapengo. Kisha ufunge donge kwa waya unaopita kwenye mbao za sakafu, mti ukae imara kiasi kwamba ukisukuma shina, sanduku lote linasogea. Hii si hatua ya urembo. Ncha mpya ya mzizi ni laini kama mchicha, na kila upepo unapouyumbisha mti ncha hizo hukatika. Tukiletewa mti uliokufa bila sababu inayoonekana, jambo la kwanza tunalofanya ni kuutikisa, na mara nyingi jibu liko hapo hapo.

Matawi usiyapunguze. Mazoea ya kukata nusu ya majani ili mti "usichoke" yanafaa kwa miti ya majani mapana. Msonobari hutengeneza mizizi kwa chakula kinachotoka kwenye sindano zake, kwa hiyo ukizikata unakata mizizi ambayo haijazaliwa. Ondoa yaliyovunjika tu. Uweke chini ya neti ya kivuli inayozuia theluthi moja ya jua, mahali pasipo na upepo, na unyunyizie sindano maji asubuhi na alasiri kwa wiki sita za mwanzo. Sandukuni mwagilia mara ya kwanza mpaka maji yanayotoka chini yawe safi, kisha usimwagilie tena mpaka kijiti ulichochomeka sentimita 5 ndani kitoke na unyevu kidogo tu.

Maji yenyewe yana kesi yake. Visima virefu vya Bonde la Ufa vina magadi mengi na floraidi, na msonobari hupenda udongo wenye uchachu kidogo, kipimo cha pH 5.5 hadi 6.5. Ukitumia maji ya kisima mwaka mzima, sindano mpya zitatoka zikiwa njano huku za zamani zikiwa kijani. Mti haukosi mbolea hapo. Chuma kimefungika kwenye udongo, mizizi haiwezi kukichukua. Kinga maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati. Tangi la lita 1,000 linatosha kwa masanduku kadhaa katika ukavu wa Januari na Februari.

Baada ya hapo kaa mbali nao. Miaka miwili. Hakuna mkasi wala waya, na hakuna kuchungulia mizizi. Mishumaa ya kwanza itafunguka na utataka kushangilia, ila hiyo si ushahidi wa kitu: mti huweza kuifungua kwa chakula kilichobaki shinani huku chini hakuna mzizi hata mmoja mpya. Ushahidi ni mchipuko wa pili na wa tatu, wenye sindano zilizofikia urefu wake wa kawaida na zilizosimama imara. Sindano za ndani kuwa njano na kuanguka ni uzee tu, usishtuke. Ncha za sindano zote kukauka kwa pamoja ni mizizi iliyoumia, na kijani kinachopauka kuelekea kijivu, sindano zikikunjika bila kurudi, ni mti uliokufa wiki nyingi zilizopita. Mwenye shaka akwangue gome la kitawi kwa ukucha: chini yake pawe kijani na pateleze.

Mbolea isubiri mpaka mchipuko wa pili ukomae. Tunatumia mashudu ya pamba, vijiko viwili vya chakula katika kifuko cha wavu juu ya udongo, kimoja kila kona ya sanduku, kubadilishwa kila baada ya wiki sita. Asiyeyapata ayeyushe kijiko kimoja cha chai cha NPK 17-17-17 katika lita 5 za maji, mara moja kila wiki mbili wakati wa mvua. Mbolea ya DAP ikiwekwa punje kwa punje juu ya mizizi ya sandukuni huunguza.

Mwaka wa tatu ndipo umbo linaanza. Desemba na Januari, ukuaji ukiwa umepungua kwa ukavu, mti usiupe maji siku moja kabla ili matawi yalegee kidogo. Waya wa shaba kutoka kwenye nyaya kuukuu za umeme unafaa ukiuchoma kwenye jiko la makaa mpaka uwe mwekundu, kisha uuache upoe wenyewe. Hapo huwa laini, na hukakamaa tena unapokunjwa. Unene wake uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Uzungushe kwa pembe ya nyuzi 45, usiobana wala kulegea. Waya wa kufungia nondo wa mafundi ujenzi usiuzungushe kwenye tawi, maana hukata gome na kuingiza kutu. Unafaa kwa kuvuta tawi chini tu, ukipitishwa kwenye kipande cha mpira. Tawi linene kuliko kidole gumba lifunge kwanza kwa nyuzi za mkonge zilizolowekwa na kubanwa sana, halafu tabaka la mpira wa tyubu ya baiskeli, ndipo waya uje juu. Likunje kidogo, lipumzishe wiki mbili, likunje tena. Ukisikia mlio mdogo, acha palepale. Ufa mdogo utazibwa na utomvu, lakini ukiendelea tawi litatoka mkononi.

Vitabu husema waya hukaa mwaka au zaidi. Hilo ni la mti unaolala. Patula hunenepa kila mvua, na waya ulioachwa kuanzia Machi bila kukaguliwa huzama kwenye gome kabla ya Juni, ukiacha alama ya mzunguko isiyofutika kwa miaka. Kagua kila wiki tatu. Ukianza kubana, ukate vipande vipande kwa koleo, usiuzungushe kuurudisha, kisha ufunge mwingine mahali tofauti.

Kupunguza urefu kufanyike mwaka huo huo au unaofuata, kwa awamu. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya kijani kwa mara moja, wala usifanye kazi ya mizizi na kazi ya matawi katika msimu mmoja. Juu ya tawi litakalokuwa kilele kipya acha kisiki cha sentimita 4 hivi kikauke chenyewe. Ukikata ukigusa tawi, ukavu hushuka na kulichukua pia. Patula hupenda kilele kupita kiasi: usipokizuia, kwa mwaka mmoja kilele kitakuwa kinene kama shina na matawi ya chini yatakufa njaa. Kwa hiyo mishumaa ya juu ikifika urefu wa kidole ikate ibaki sentimita 2, ya katikati ikate nusu, ya chini usiiguse kabisa. Rudia kila mchipuko mkubwa. Kwenye matawi ya juu chomoa pia sindano za zamani ubakize vifungu kumi hivi kwa kila ncha, ili mwanga ufike chini. Sindano zitapungua urefu ukiuweka mti kwenye jua kamili siku nzima na kusimamisha mbolea mchipuko unapoanza, lakini hazitakuwa fupi kama za mugo, na kuukosesha maji ili zifupike ni kuutesa bure.

Adui wa kuangalia wakati wote huu ni kidukari wa sufu, aliyeingia nchini katika miaka ya 1960. Utaona unga mweupe kama pamba kwenye mashina ya sindano na nyufa za gome, halafu mchipuko unatoka umejikunja. Changanya mililita 10 za sabuni ya maji kwa lita moja, nyunyiza jioni, suuza asubuhi, rudia baada ya wiki. Ugonjwa wa mistari myekundu kwenye sindano, uliosimamisha upandaji wa Pinus radiata humu nchini, haumsumbui sana patula. Ukikutana na radiata iliyosalia mahali, hilo lisikutoke akilini kabla ya kuipenda.

Mwaka wa tano, mvua ndefu zikianza, toa mti sandukuni. Sasa unaweza kuondoa udongo wa zamani, upande mmoja tu, kuanzia ukingoni mpaka karibu na shina, kwa kijiti, na kufupisha mizizi minene ya upande huo. Upande wa pili usiguswe mpaka mwaka wa saba. Katikati ya donge ndiko kuna udongo mzito wa mlimani, na ukiachwa humo milele maji hupita pembeni kwenye mawe mepesi huku katikati pakavu kabisa. Dalili yake ni mti unaonyauka wakati juu ya sanduku pamelowa.

Kwa wasomaji wa Kisumu wanaoutaka msonobari huu, jibu letu halitawafurahisha. Patula ni mti wa nyanda za juu, nayo Kisumu iko mita 1,131 tu na usiku wake ni wa joto. Ukiishi kule na mti wako ukawa Timboroa kwa ndugu yako, sawa. Ukitaka wa barazani, chukua mkwaju: una majani madogo, unachipua hata kwenye ubao mtupu, na jua la ziwa ndilo lake. Wa Kakamega wanaweza kujaribu msonobari, lakini mvua ya kule ni nyingi na itabidi wapunguze maganda mpaka sehemu moja kwa tisa za mawe na wainamishe sanduku kidogo wakati wa masika.

Upande wa pili ukishapona ndipo chungu. Kina chake kikaribiane na unene wa shina juu ya mizizi, au kizidi kidogo kwa msonobari, na urefu wake uwe kama theluthi mbili za kimo cha mti. Ulaya chungu kilichochomwa kwa moto mdogo hupasuliwa na barafu, lakini hapa hakuna tatizo hilo, kwa hiyo wafinyanzi wa Nyanza wanaweza kukufanyia kazi nzuri. Mwambie mfinyanzi atoboe mashimo mawili au matatu ya sentimita 3 ya kutolea maji, na manne madogo ya kupitishia waya wa kufungia, na aweke miguu ili maji yasisimame chini. Mpe vipimo vilivyoongezwa kama sehemu moja ya kumi, kwa kuwa udongo husinyaa ukikauka na kuchomwa. Chungu kisichopakwa rangi ya kioo hunyonya maji, hivyo kilowe usiku mzima kabla ya kupandia, na katika Januari kikaguliwe kwa kijiti asubuhi na jioni.

Wenye vitalu vya miche,
Njoro na Elburgon,
Kaunti ya Nakuru